Taya na Pini Yake

Kumsifu Fundi si kazi yangu. Wa kumsifu wapo tele, kutoka Malindi hadi Hola, madereva wa zamani waliobaki na vitambi vyao na masimulizi yao. Waketishe, wape chai, watakwambia Garsen haijapata kuwa na mtu kama yule. Na ni kweli, haijapata. Lakini mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta, yeye na karakana yake, mimi na hoteli yangu ya chai, tangu nilipoletwa kutoka Kipini nikiwa bibi harusi mpaka nilipokuwa mjane, na baada ya hapo pia. Ninayoyajua mimi hawayajui wao.

Jina lake nitaliacha huko alikolala nalo. Hata alipokuwa hai lilikuwa halina kazi pale kivukoni. Tulimwita Fundi, na hakuna aliyeuliza fundi yupi, ingawa palikuwa na fundi cherehani, na fundi wa mitumbwi, na fundi saa aliyepita mara moja moja na kisanduku chake. Alikotoka sijui. Walikuwapo waliosema hivi na waliosema vile. Mimi sikuuliza, kwani mtu akishakaa nawe miaka, swali la alikotoka linakuwa limechelewa.

Alikuwa mfupi, mpana, na mikono yake ilikuwa imeungua kwa cheche hata nywele hazikuota tena. Kila asubuhi alikuja kwangu kabla jiko halijashika vizuri. Hakukaa. Katika miaka yote ile sikupata kumwona Fundi amekalia benchi langu. Alisimama mlangoni na kopo lake la bati, maana vikombe vyangu alivikataa, eti vinapoza chai. Tangawizi nyingi, sukari kidogo. Akinywa alielekeza uso barabara ya Tarasaa, na sisi wengine hatujasikia kitu, yeye ameshasema lori linalokuja ni la nani, limebeba nini, na springi ya upande gani imechoka. Mara nyingi alipatia. Akikosea aliulaumu upepo.

Ulimi wake ulikuwa mchungu kupita mwarobaini. Kila dereva yeye alimwita "bwana mkubwa", na hakuna dereva aliyefurahi kuitwa hivyo na Fundi, maana baada ya hapo lilikuja tusi. Kijana mmoja alimletea breki zilizolia, Fundi akazitazama, akamwambia, bwana mkubwa, umeoa? Yule akajibu bado. Akamwambia usioe, mtu asiyeweza kutunza breki atatunza nini. Tulicheka mpaka chai ikamwagika, na yule kijana akacheka nasi kwa shida.

Halafu siku ya Ijumaa ungemwona mtu mwingine kabisa. Kanzu nyeupe pe, kucha zimesuguliwa kwa mchanga, mstari wa kwanza msikitini. Paka wote wa kivukoni aliwalisha yeye. Wanawake wa Hewani walipoleta majembe yaliyoliwa na udongo aliwanolea bila kudai chochote, na mwenye sufuria iliyotoboka aliziba, na hata mkuki wa Mworma aliyekuwa akipita na ng'ombe wake aliunyoosha kwa salamu tu. Ndiyo maana nilichelewa kumfahamu. Tulikuwa tumezoea kuona roho ya korosho kwa mtu anayebana sukari na unga. Huyu vyote hivyo alivitoa, mkono wazi, na alichobana hakikuonekana.

Na aliogopa maji. Mtu aliyejenga hatua chache kutoka Mto Tana hakupata hata siku moja kupanda pantoni. Alioga kwa ndoo, na maji yenyewe alichotewa. Wengine walisema mamba waliwahi kumchukua ndugu yake, yeye mwenyewe alisema tu kwamba mto si njia ya mtu. Madereva walimtania sana kwa hilo. Wakimwambia Fundi, twende ng'ambo kuna harusi, pilau imeshuka, alijibu kwamba harusi nzuri huletewa watu nyumbani. Tulilichukulia kuwa jambo la kuchekesha.

Sasa niseme habari ya taya, kwa sababu ndilo lililompa jina.

Asiyepata kuiona Garsen ya miaka ile, miaka ya Hali ya Hatari, malori yakipanda Hola na kushuka, mengine yakivuka kwenda Witu na Mokowe, hawezi kujua udongo mweusi ni kitu gani. Kiangazi unapasuka hata mguu wa mbuzi unaingia. Mvua ikinyesha unakuwa sabuni. Lori likitoka kwenye pantoni lilitakiwa kupanda ukingo, na ukingo ule siku za masika lori halipandi peke yake. Kwa hiyo kivukoni palikuwa na desturi ambayo hata mgeni alifundishwa siku ya kwanza: aliye juu humvuta aliye chini. Hata kama mmegombana, hata kama tajiri zenu hawasalimiani, hata kama una haraka na umekwisha washa moto. Ukimwacha mwenzio majini, siku yako hutavutwa na mtu.

Zamani walivutana kwa minyororo. Mnyororo una ubaya wake. Ukikatika huruka, nami nimemwona mtu aliyepoteza macho kwa mnyororo. Tena haujui kuzuia. Wanaposhuka upande wa pili, lori la nyuma linalipanda la mbele mgongoni. Wakajaribu mtaimbo mrefu wenye pete kila upande, ambao hauruki wala haulegei, lakini malori hayalingani kimo. Lililobeba limeinama, tupu limeinuka, na la tajiri huyu si sawa na la tajiri yule. Mtaimbo ukipanda kuelekea nyuma, unalinyanyua lori linalovuta, magurudumu yanazunguka bure na kutupaka tope sisi watazamaji.

Fundi alikaa na jambo hilo msimu mzima. Akaenda kwenye lori bovu lililoachwa njia ya Tarasaa, akakata vipande viwili vizito vya chesisi, akavitoboa matundu kutoka juu hadi chini, akavifunga kwa ribiti nyuma ya lori, vimesimama wima vikitazamana. Katikati yake akaweka ndoano ya kuteleza, ipande au ishuke. Unaangalia kimo cha lori unalotaka kulivuta, unasogeza ndoano mpaka mtaimbo umelala sawa, unapitisha pini kwenye tundu, unafunga ncha ya pini kwa waya. Basi. Lori la kimo chochote linavutika. Madereva wakaviita vile vyuma viwili taya.

Taya la kwanza lilifungwa kwenye lori la mume wangu. Wengine walikataa, walisema Fundi atawang'oa nyuma. Mume wangu, dereva wa tajiri mmoja wa Malindi, ndiye aliyemwambia, Fundi, funga langu, likivunjika tutacheka wote. Walikuwa marafiki. Kwa ajili yake mimi niliitwa shemeji na Fundi, na ule ushemeji haukuwa wa mdomo tu, alikula kwangu Idi zote mbili. Siku taya lilipovuta lori la kwanza kutoka majini, mume wangu alimwinua Fundi juu kama mtoto, na Fundi, aliyechukia kuguswa, akakubali.

Baada ya hapo kila dereva alilitaka taya, na hapo ndipo tabia ya Fundi ilipotoka nje, ingawa sisi tuliiona tukaiita ustadi. Matundu ya taya hakuyafanya ya mviringo. Chuma kikiwa chekundu alikitoboa kwa umbo alilolitaka yeye. Taya hili matundu yake ya pembe nne, lile yamebonyea upande mmoja, na la mume wangu yalikuwa ya pembe tatu. Kila taya likapewa pini ya umbo lake, moja tu, isiyoingia kwa mwenzake. Ukiipoteza, na kwenye tope lile pini hupotea, ulikuwa huna budi kurudi kwa Fundi na lori lenyewe, aone tundu, apime kwa kidole, afue nyingine.

Madereva walilalamika. Wakamwomba awape pini mbili mbili. Alijibu maneno yake yale yale, ambayo nimeyasikia mpaka nikayaota: "Taya na pini yake ni mtu na mkewe. Wa pili wa nini?"

Na pini ya pili hakutoza kitu. Sikilizeni hapo. Mtu angesema alifanya vile apate chumo, lakini hakupokea hata senti. Alichotaka ni lile lori lisimame mbele ya karakana yake, dereva ashuke na kofia mkononi, aseme Fundi, nimekuja. Amkemee mbele ya watu. Halafu aingie nyuma ya pazia lake la gunia, ambako hakuna aliyeruhusiwa kuingia, wala mtu aliyetaka kujifunza kazi, wala mimi niliyempelekea chai. Wangapi walikuja kuomba ufundi wakafukuzwa. Tulisikia mivukuto ikivuta pumzi, halafu nyundo. Na nyundo ya pini ilikuwa na mlio wake. Akifua jembe mlio ulikuwa mzito, wa kuzama. Akifua pini mlio ulikuwa mkali, unalia mpaka ng'ambo ya mto. Mimi mwenyewe niliwaambia wateja wangu, nyamazeni msikie, Fundi anafua pini. Walinyamaza. Baadaye alitoka nayo ikifuka mvuke, imepakwa majivu, akaiingiza kwenye tundu, ikaingia kwa mara ya kwanza bila kusukumwa. Watu wakatikisa vichwa.

Msimamizi wa barabara, Mzungu mwekundu mwenye sauti kubwa, alikuja akataka mataya ya malori yote ya barabara, mradi yawe ya namna moja na pini ziingiliane. Kazi ya kumtajirisha mtu. Fundi akamwambia hajui kufanya viwili vinavyofanana. Mzungu akaenda zake. Tulimwona Fundi shujaa siku ile, tukasema hanunuliki. Mume wangu peke yake hakusema kitu. Usiku alinieleza kwamba yule Mzungu amesema kweli, pini zingeingiliana watu wangepumzika, na kwamba atakuja kumwambia Fundi siku moja wakiwa wawili tu. Sijui kama alimwambia.

Siku niliyoachwa mjane ilikuwa ya masika. Mume wangu alikuwa amekwenda Witu, anarudi, yuko ng'ambo na lori tupu anangoja kuvuka. Njiani waya wa pini ulikatika na pini ikabaki kwenye tope, hakuna ajuaye wapi. Pantoni ikavusha lori lililobeba mchele kutoka upande wetu, likashuka, likapanda hatua mbili tatu, likakwama, magurudumu ya nyuma yakiwa mdomoni mwa mto. Na mto ulikuwa unapanda. Watu wa pantoni waliona magogo yanakuja na maji, wakaifunga pantoni, wakasema haiendi tena mpaka mto utulie. Kwa hiyo kule ng'ambo kukawa na malori mawili tu, la mume wangu juu na la mchele chini. Desturi nimekwisha kuisema.

Alimtuma taniboi wake, kijana msaidizi wa lorini, avuke kwa mtumbwi aje kwa Fundi achukue pini. Yule kijana alifika kwangu amelowa, anatetemeka. Nikamshika mkono, nikampeleka mwenyewe. Fundi alikuwa anafua jembe, gunia limekunjwa juu, maana alilishusha kwa kazi ya pini tu. Nikamweleza yote, kwamba lori liko ng'ambo, pantoni imefungwa, maji yanapanda, wanataka pini ya lile taya lake la kwanza.

"Pini haifuliwi kwa kusimuliwa, shemeji," akasema. "Sharti nilione tundu."

Nikamwambia mtumbwi upo, avuke akalione. Akautazama mto, na kweli ulikuwa wa kutisha, mwekundu, umebeba miti na mizizi yake. Akasema mambo yake na maji nayajua. Nikamwambia basi afanye kwa kukumbuka, ni yeye aliyelitoboa. Akasema mkono haukumbuki. Nikamsihi. Nilipiga magoti mlangoni kwa mtu yule, mimi ambaye nilikuwa sijampigia mtu magoti isipokuwa mamangu. Akasema, "Wangoje maji yapungue." Akageuka, akavuta mivukuto.

Taniboi akakimbia duka la Msomali aliye jirani yetu, akarudi na bolti ya mviringo, nyembamba, ya kupita kwenye tundu la pembe tatu. Tulipita nayo mbele ya karakana. Fundi aliinua uso, akaiona mkononi mwa kijana. Halafu akalitazama jembe lake tena.

Mto pale si mpana hivyo. Taniboi alivuka nayo kwa mtumbwi, nami nilisimama ukingoni nikaona kila kitu. Mume wangu alimpa taniboi usukani wa lori lao, kwa sababu kazi ya hatari alitaka aifanye yeye, na kazi ya hatari ni ya nyuma, kutembea na gogo na kuliweka kwenye gurudumu la lori linalovutwa kila linapopanda kidogo, lisirudi. Dereva wa lori la mchele alikuwa kwenye usukani wake. Wakavuta. Lori likapanda. Mume wangu akaweka gogo. Wakavuta tena, likapanda, akainama kulisogeza gogo. Bolti ilipokatika sikusikia kitu, maji yalikuwa na kelele. Niliona tu lori la juu limeruka mbele, tupu, na lile la chini likarudi nyuma polepole, polepole kiasi kwamba nilidhani atatoka.

Alivushwa kesho yake kwa mtumbwi, amefunikwa na turubai la mchele.

Katika desturi zetu jeneza halinyanyuliwi mpaka msemaji wa nyumba amesimama mbele ya watu akauliza kama kuna mwenye haki yake kwa marehemu, aseme, au amsamehe. Wanaume wako uani, sisi wanawake tuko ndani, tunasikia kupitia ukuta wa makuti. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, akauliza. Halafu nikaisikia sauti ya Fundi.

"Mimi nilikuwa na neno naye," akasema. "Nilimpa pini akaipoteza. Lakini nimemsamehe."

Na watu wakaitikia, Mungu amlipe mema. Wakamwona mtu mkubwa, anamsamehe marehemu hadharani. Kutoka siku ile habari yote ya kifo kile ikawa ni habari ya dereva aliyepoteza pini. Nimeisikia ikisimuliwa hivyo kwenye hoteli yangu mwenyewe, mbele yangu, na wageni wasionijua. Nilitaka kutoka uani nipige kelele, shangazi zangu wakanishika. Wakasema mwanamke hasemi mbele ya jeneza. Nilimeza, na nilichokimeza siku ile hakijashuka mpaka leo.

Baada ya eda akaanza wema wake. Kila Ijumaa kibaba cha unga mlangoni. Paa langu lilipovuja alileta makuti, akasimama chini akawaelekeza watu. Binti zangu wawili aliwafulia visu vya jikoni walipoolewa, visu vizuri, bado vinakata. Watu wakasema, umeona rafiki wa kweli. Nami unga ule niliupika na watoto wangu wakala, maana ningefanya nini, ningeumwagia kuku? Nilimchukia huku nikisonga ugali wa unga wake. Asubuhi alikuja na kopo lake kama zamani, akasimama mlangoni, nikamtilia. Tulizungumza habari za mvua. Na madereva waliendelea kupoteza pini, na nyundo iliendelea kulia nyuma ya gunia, matundu ni yale yale, ya pembe nne, ya kubonyea, kila mmoja na lake. Nilingoja abadilishe. Nilijiambia siku atakapotoboa tundu la mviringo nitajua kwamba moyo wake umesema kitu. Hakutoboa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini alipoanguka. Kifua. Moshi wa miaka yote ile ulimrudia. Alilala chumba cha nyuma ya karakana, na siku moja alasiri fundi cherehani akaja kuniambia kwamba Fundi ananiita, niende peke yangu. Nikachemsha chai, nikalichukua kopo lake, nikaenda.

Nilipita nyuma ya gunia kwa mara ya kwanza. Fuawe ilikuwa imeingia kutu kidogo. Yeye alikuwa kitandani, amekwisha, ile mikono mipana imelala juu ya shuka na haikuwa na nguvu ya kushika kopo. Nikamnywesha. Kopo lilipofika nusu akasema inatosha, akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa kitambaa, akanipa nikifungue.

Ilikuwa pini. Ya pembe tatu. Haikuwa na kutu, ilikuwa imepakwa mafuta miaka yote.

"Hii ni ya lini?" nikamwuliza.

"Ya siku ile ile niliyofua ya kwanza."

Kisha akanieleza, kwa kukatakata pumzi. Kila taya alilifulia pini mbili kwa pamoja. Moja alimpa dereva, ya pili akaificha. Dereva akija analia amepoteza, Fundi aliingia nyuma ya gunia, akavuta mivukuto, akapiga nyundo juu ya fuawe tupu mpaka aone dereva ameshiba kusikia, akaipasha moto ile pini, akaichovya majini, akatoka nayo. Ndiyo maana mlio ulikuwa mkali vile. Hapakuwa na chuma katikati. Na mimi niliwanyamazisha watu wasikilize.

"Kwa hiyo siku ile ilikuwapo," nikasema.

"Ilikuwapo. Ulipopiga magoti ilikuwa juu ya kichwa chako, kwenye mtambaa panya, ule mti wa paa."

Nikamwuliza kwa nini. Sikupaza sauti. Akasema kwamba angeitoa bila lori kuletwa, bila kupima tundu, mimi ningejua, na taniboi angejua, na kufika magharibi Garsen nzima ingejua kwamba Fundi hupiga fuawe tupu. Alidhani watangoja. Alidhani maji yatapungua. Nikamwuliza kuhusu bolti, kama aliiona. Akasema aliiona. Na matundu, kwa nini hakuyabadilisha baadaye, miaka yote ile. Akafumba macho. Akasema angebadilisha baada ya kifo kile, watu wangeuliza kwa nini sasa.

Nje paka walikuwa wanalia, hakuna aliyewalisha. Nilimfikiria mume wangu aliyekubali taya lijaribiwe mgongoni mwa lori lake, na jinsi alivyomwinua mtu huyu juu.

"Shemeji," akasema, "niwie radhi. Sitaki niende nayo."

Nami nilikuwa nimejifunza maneno ya kujibu radhi tangu utotoni, kama tulivyofunzwa sote. Yalinijia mdomoni yenyewe. Nikayazuia.

"Fundi," nikamwambia, "siku yako ikifika watatoka uani waulize kama kuna mwenye haki yake kwako. Wanaume watasema hakuna, mtu mwema, alituzibia sufuria. Mimi nitakuwa ndani na wanawake, na sitaruhusiwa kusema. Basi nakwambia leo, sisi wawili. Mimi nina haki yangu kwako. Sijakusamehe."

Alifumbua macho akanitazama, na sikuona hasira ndani yake. Nilichukua ile pini, nikaiweka kwenye kiganja chake, nikamkunjia vidole kimoja kimoja, kwa sababu mwenyewe hakuweza. Halafu nikamshushia chandarua, maana mbu wa Garsen hawamwachi mgonjwa, nikalichukua kopo lake nikaenda kuliosha.